Nani anaidai Kenya? Deni la nje lilivyobadilika na linavyogusa mgao wa kaunti

Kila bajeti inaposomwa, wakazi husikia deni la taifa likitajwa kwa matrilioni. Swali linalofuata huwa moja: nchi inadaiwa na nani? Kiasi cha deni ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni aliyekopesha, riba anayotoza, muda anaotoa na sarafu anayotaka kulipwa. Mambo hayo manne yamebadilika sana tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, na mabadiliko hayo yanafika hadi kwenye zahanati, barabara na soko la kijijini.

Deni lilivyokua

Mwishoni mwa Juni 2013, miezi michache baada ya serikali za kaunti kuanza kazi, deni lote la umma lilikuwa takriban Sh1.9 trilioni. Kati ya hizo, wakopeshaji wa nje walidai karibu Sh840 bilioni. Kufikia mwishoni mwa Juni 2025, deni lote lilikuwa takriban Sh11.8 trilioni. Deni la ndani lilikuwa Sh6.3 trilioni, na la nje Sh5.5 trilioni.

Deni la ndani ni pesa ambazo serikali ya kitaifa hukopa hapa nchini kwa shilingi, kutoka kwa benki, mifuko ya pensheni, kampuni za bima na wananchi wanaonunua hatifungani. Deni la nje hukopwa kwa sarafu za kigeni na hulipwa kwa sarafu hizo hizo. Deni hilo limeongezeka zaidi ya mara sita katika miaka 12.

Wakopeshaji wa aina tatu

Wanaoikopesha Kenya kutoka nje wamegawanyika katika makundi matatu.

La kwanza ni mashirika ya kimataifa kama Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Shirika la Fedha Duniani, IMF. Kukopa huko kunafanana na kukopa katika chama cha akiba na mikopo. Masharti ni mengi na utaratibu ni mrefu, lakini mikopo mingi ya maendeleo ina riba nafuu na hulipwa kwa miaka 20, 30 au zaidi. Mara nyingi mkopaji hupewa miaka kadhaa kabla ya kuanza kulipa.

Kundi la pili ni serikali za nchi nyingine na benki zao za umma. China ndiyo inayoongoza, ikifuatwa na nchi kama Japan, Ufaransa na Ujerumani. Mara nyingi mkopo wa aina hii hufungamana na mradi maalum, na pengine kampuni ya nchi inayokopesha ndiyo hupewa kazi ya ujenzi.

Kundi la tatu ni masoko ya kibiashara, yaani benki za kigeni na wawekezaji wanaonunua hatifungani za kimataifa zinazojulikana kama Yurobondi. Aliyewahi kuchukua mkopo wa simu anaielewa hali hii. Pesa huingia haraka na hakuna anayeuliza sana zitafanya kazi gani, lakini riba ni ya juu. Tena, Yurobondi nyingi hulipwa riba kila mwaka huku deni lenyewe likisubiri kulipwa lote kwa pamoja siku ya mwisho ikifika.

Mizani ilivyoinama

Mwaka 2013 zaidi ya nusu ya deni la nje lilitoka kwa mashirika ya kimataifa. Mikopo ya kibiashara haikufika hata sehemu moja ya kumi.

Mwaka 2014 ulibadilisha mambo. Mwezi Mei, Kenya ilitia saini na benki ya China ya Exim mikopo ya kujenga reli ya kisasa, SGR, kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mwezi Juni iliuza Yurobondi yake ya kwanza na kupata dola bilioni 2, kisha ikaongeza dola milioni 750 mwezi Desemba. Mwezi Septemba, hesabu za uchumi zilifanywa upya na pato la taifa likaonekana kuwa kubwa kwa karibu robo kuliko ilivyodhaniwa. Kenya ikahesabiwa miongoni mwa nchi za kipato cha kati cha chini. Hiyo ilikuwa sifa njema, lakini nchi inayopanda daraja hiyo hupungukiwa na mikopo ya bei rahisi inayotengewa nchi maskini zaidi.

Yurobondi nyingine zilifuata mwaka 2018, 2019 na 2021. Kufikia Juni 2019, makundi yote matatu yalikuwa karibu sawa, kila moja likidai takriban theluthi moja ya deni la nje.

Kisha upepo ukageuka. Janga la korona lilipobana uchumi mwaka 2020, serikali ilirudi kwa Benki ya Dunia na IMF. Kuanzia mwaka 2022 riba zilipanda duniani kote, na masoko ya kimataifa yakawa ghali mno kwa nchi nyingi za Afrika. Leo mashirika ya kimataifa yanadai tena zaidi ya nusu ya deni la nje, huku mikopo ya kibiashara ikiwa karibu robo. Sehemu kubwa ya ukopaji mpya imehamia soko la ndani, ndiyo maana sasa deni la ndani limelipita la nje.

Gharama ya sarafu na riba

Yurobondi ya 2014 inaonyesha wazi kwa nini aina ya mkopo ni muhimu kama kiasi chake. Sehemu ya miaka kumi ya hatifungani hiyo ilifikia dola bilioni 2, na ilipaswa kulipwa yote Juni 2024.

Katikati ya mwaka 2014 dola moja ilinunuliwa kwa Sh87 au Sh88. Kwa bei hiyo, dola bilioni 2 zilikuwa sawa na takriban Sh175 bilioni. Januari 2024, shilingi ilipodhoofika hadi karibu Sh160 kwa dola, deni hilo hilo lilihitaji takriban Sh320 bilioni. Hakuna dola hata moja iliyokuwa imeongezwa. Shilingi ilianguka, mzigo ukakaribia kuongezeka maradufu.

Wakati huo wawekezaji walikuwa na hofu kwamba Kenya ingeshindwa kulipa. Februari 2024 serikali iliuza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 na kutumia fedha hizo kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani kabla ya siku yake. Kiasi kilichobaki kililipwa Juni. Hofu ilipungua, na shilingi ikaimarika hadi kukaribia Sh129 kwa dola, ambako imekuwa tangu katikati ya 2024.

Afueni hiyo ilikuwa na bei yake. Mkopo wa zamani ulitozwa riba ya asilimia 6.875 kwa mwaka, na mpya asilimia 9.75. Kwa kila dola bilioni 1.5, tofauti hiyo ni zaidi ya dola milioni 43 kila mwaka, au takriban Sh5.5 bilioni kwa bei ya sasa ya dola. Kwa upande mwingine, mkopo mpya utalipwa kwa awamu tatu, mwaka 2029, 2030 na 2031, badala ya mzigo mmoja wa siku moja.

Serikali imeendelea na mtindo huo wa kulipa mikopo inayokaribia mwisho kwa kuuza mingine ya muda mrefu. Ilifanya hivyo Machi 2025 na tena Oktoba mwaka huo. Hatua hiyo husogeza mbele siku ya kulipa na kuupa uchumi nafasi ya kupumua. Haifuti deni.

Oktoba 2025 pia serikali ilikamilisha kubadilisha mikopo ya SGR kutoka dola hadi yuan, sarafu ya China. Baadhi ya mikopo hiyo ilikuwa na riba inayopanda na kushuka kulingana na soko la dola, na ilipanda sana baada ya 2022. Hazina ya Kitaifa ilisema mabadiliko hayo yataokoa takriban dola milioni 215 kwa mwaka. Linalobaki kuangaliwa ni bei ya yuan yenyewe, kwa kuwa Kenya huiuzia China bidhaa chache kuliko inazonunua huko na hivyo hupata yuan chache.

Kaunti inaingiaje?

Wakazi wengine huuliza iwapo kaunti yao inadaiwa na China au Benki ya Dunia. Jibu ni la. Kifungu cha 212 cha Katiba kinaruhusu serikali ya kaunti kukopa kwa masharti mawili tu: serikali ya kitaifa itoe dhamana, na Bunge la Kaunti liidhinishe. Madeni ambayo kaunti hudaiwa na wanakandarasi na wauzaji bidhaa ni jambo tofauti, na hayahesabiwi katika deni la nje.

Hata hivyo deni la nje huigusa kaunti kwa njia tatu.

Kwanza ni mgao. Kifungu cha 214 kinaweka deni la umma kuwa malipo ya lazima kutoka mfuko mkuu wa serikali ya kitaifa, na Kifungu cha 203 kinataka deni hilo lizingatiwe mapato yanapogawanywa. Katiba inazikinga kaunti kwa kusema mgao wao usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Juu ya kiwango hicho, kila shilingi hupiganiwa. Kaunti zote 47 zilitengewa Sh415 bilioni katika mwaka wa fedha wa 2025/26. Riba pekee ya madeni ya ndani na nje hupita mara mbili ya fedha hizo.

Mwaka 2024 ulionyesha jambo hili lilivyo. Mswada wa Fedha ulipoondolewa mwezi Juni kufuatia maandamano, mapato yaliyotarajiwa yalipungua. Malipo ya deni hayapunguzwi kwa sababu mapato yamepungua, kwa hiyo makato yaliangukia matumizi mengine. Mgao wa kaunti uliokuwa umepangwa kuwa Sh400.1 bilioni ulishuka hadi Sh387.4 bilioni. Kwa kaunti, pengo kama hilo humaanisha mradi kusogezwa hadi mwaka ujao au dawa kununuliwa kwa kiasi kidogo.

Pili ni miradi. Baadhi ya miradi ambayo wakazi huijua kama misaada ya wafadhili ni mikopo iliyochukuliwa na serikali ya kitaifa, kisha fedha zikapelekwa katika kaunti kwa masharti maalum. Mradi wa kilimo wa NAVCDP unafadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mpango wa FLLoCA wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi pia hutegemea kwa sehemu kubwa mkopo wa benki hiyo. Masharti yake ni nafuu, lakini ni mkopo. Mfereji ukiachwa uzibe au kikundi kikigawana mbegu bila kupanda, deni litalipwa vile vile.

Tatu ni gharama ya maisha. Bidhaa nyingi zinazoingizwa nchini hutozwa ushuru wa ustawishaji wa reli, ambao husaidia kulipia SGR. Mkazi ambaye hajawahi kupanda treni hiyo huchangia anaponunua bidhaa iliyotoka ng'ambo. Nayo serikali inapokopa sana hapa nchini, benki huvutiwa kuikopesha badala ya kumkopesha mfanyabiashara mdogo, au humkopesha kwa riba ya juu.

Sauti ya mkazi

Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema mizigo na manufaa ya mikopo ya umma yagawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Sheria nayo imeweka kikomo: kufikia Novemba 2028, thamani ya sasa ya deni la umma inapaswa kuwa imerudi kwenye asilimia 55 ya pato la taifa, ikiruhusiwa kuzidi kwa asilimia 5 tu.

Mkazi hahitaji kuwa mtaalamu wa uchumi ili kufuatilia. Kuhusu mkopo wowote, maswali manne yanatosha: Ni wa nani? Riba yake ni kiasi gani, na je, inaweza kupanda? Unalipwa kwa sarafu gani, na lini? Mradi wenyewe utaleta nini cha kusaidia kuulipa?

Nyaraka zenye majibu huwa na tarehe zake. Kila mwaka, kufikia Februari 15, Hazina ya Kitaifa huwasilisha bungeni Taarifa ya Sera ya Bajeti pamoja na mkakati wa kusimamia deni. Kufikia Februari 28, serikali ya kaunti huwasilisha mpango wake wa matumizi na mkakati wake wa madeni katika Bunge la Kaunti. Maoni ya wananchi hukusanywa kabla ya nyaraka za kaunti kupitishwa, na matangazo ya mikutano hutolewa katika wadi.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wakati wa kuuliza maswali ni kabla ya mkopo kuchukuliwa, na kwa miradi iliyo tayari mashinani, ni sasa, kazi ingali ikiendelea. Mkazi anayehudhuria kikao cha wadi, akaomba kuona gharama ya mradi na kukagua kazi iliyofanywa, anasaidia kuhakikisha kwamba deni litakalolipwa na watoto wake limewaachia kitu cha kutumia.