Karatasi ya Picha Haisomeki kwa Sikio

Makomeno, kama kwingine Lubumbashi, tangazo la ofisi hufika kwa WhatsApp: karatasi imeandikwa kwa kompyuta, ikachapwa, ikatiwa sahihi na muhuri, kisha ikapigwa picha na kusambazwa. Mwenye macho anaisoma. Asiyeona anagusa skrini, na simu inamwambia tu kwamba hapo pana picha.

Simu za Android zina TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti. Kompyuta za Windows zinaweza kuwekewa NVDA, programu ya bure ya kazi hiyo hiyo, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona. Kazi kubwa ya programu hizi si kutazama skrini, bali kuchukua herufi zilizohifadhiwa nyuma yake. Ndani ya mashine A kubwa ni namba 65, B ni 66, na namba hizo ndizo hugeuzwa sauti. Karatasi ikishapigwa picha namba zinapotea, yanabaki madoa ya rangi. Zipo programu za kutambua herufi ndani ya picha, lakini muhuri ukigongwa juu ya tarehe, tarehe ndiyo inayokosewa. Na mara nyingi tarehe ndiyo mtu anayoitafuta!

Sisi Wakongomani tuna tatizo la pili: lugha. Ofisi zinaandika Kifaransa, nyumbani tunaongea Kiswahili. Ukurasa wa Kiswahili usipotaja lugha yake, mashine iliyowekwa Kifaransa huusoma kwa matamshi ya Kifaransa: "pole" inakuwa "pol", "nimechoka" inakuwa "nimeshoka". Dawa ni herufi mbili, sw, ndani ya msimbo wa ukurasa. eSpeak, sauti inayokuja pamoja na NVDA, inakijua Kiswahili. Inangoja kuambiwa tu.

Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na kifungu cha 9 kinataja habari na mawasiliano. Sheria yetu wenyewe ya kulinda haki hizo ilitoka tarehe 3 Mei 2022. Kwa hiyo asiyeona haombi hisani, anadai haki yake.

Ndugu makatibu, hifadhini waraka kuwa PDF moja kwa moja kutoka kwenye programu mlimouandika. Ikibidi muhuri uonekane, wekeni maandishi yote chini ya picha. Maandishi hayali mega. Kabla ya kutuma, jaribuni kunakili neno moja kutoka kwenye waraka. Likikataa, msitume.