Kumpata mkalimani wa Kinorwe si jambo la kubahatisha

Naivasha, mji usifikao kwa ziwa na maua, uliwahi kuwa darasa la tafsiri. Humo ndimo Serikali ya Sudan na SPLM zilimojadiliana, Jenerali Lazaro Sumbeiywo akiwa msuluhishi, hadi Mkataba Kamili wa Amani ukatiwa saini Nairobi mnamo Januari 9, 2005. Norwe ilikuwa miongoni mwa mashahidi.

Mkataba huo una matini mbili rasmi, ya Kiarabu na ya Kiingereza. Waliouandaa walitambua kwamba maana huweza kupotea njiani, wakakubaliana kuwa tofauti ikizuka, matini ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa, kwa kuwa ndiyo lugha iliyotumika mezani.

Mkazi wa Naivasha aliyeletewa mkataba wa kuuza waridi, au hati ya mahakama kuhusu malezi ya mtoto, ikiwa imeandikwa kwa Kinorwe, huenda asiwe na kinga kama hiyo. Akitia saini asichokielewa, hasara ni yake.

La kwanza ni kujua anayetafutwa. Mkalimani hushughulikia maneno ya mdomo, papo kwa papo. Mfasiri hushughulikia maandishi. Hodari wa kazi moja si lazima awe hodari wa nyingine.

La pili ni lugha yenyewe. Kinorwe kina mitindo miwili rasmi ya uandishi, Bokmål na Nynorsk, nayo ina hadhi sawa kisheria. Inafaa mfasiri aonyeshwe hati kabla ya kukubaliana bei.

La tatu ni sifa. Norwe ina daftari la kitaifa la wakalimani, ambalo yeyote aweza kulipekua bila malipo katika intaneti, na ambalo huwapanga kulingana na masomo na mitihani waliyopita. Sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2022 huzilazimu ofisi za umma kuwatumia wakalimani wenye sifa pale haki ya mtu inapohusika. Aidha, yakataza watoto kutumiwa kuwatafsiria wazazi, isipokuwa katika hali chache kama vile dharura.

Kenya nayo, kupitia Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010, humpa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kusaidiwa na mkalimani bila malipo.

Mwisho, si kila hati huhitaji kufasiriwa. Vyeti vya Kenya vya kuzaliwa na vya ndoa huandikwa kwa Kiingereza, nayo idara ya uhamiaji ya Norwe hupokea hati za lugha hiyo. Ni busara kuiuliza kwanza ofisi itakayopokea hati, kabla ya kulipa hata senti moja.

Jamaa aliyeishi Oslo miaka kadhaa anaweza kusaidia katika salamu na maelekezo ya njia. Panapohusika mali, mtoto au uhuru wa mtu, atafutwe aliyesomea kazi hiyo, afungwaye na siri, asiyeegemea upande wowote, asiyeongeza wala kupunguza neno.