Panda juu uone: somo la usalama ndani ya kichwa cha lori

Lori lenye tela limeegeshwa kwenye uwanja wa shule ya sekondari huko Marekani, injini imezimwa. Kulizunguka yamepangwa magari madogo: moja nyuma ya tela, moja mbele karibu na bampa, mengine ubavuni upande wa kulia. Wanafunzi wa umri wa kujifunza udereva wanapanga foleni. Mmoja mmoja wanapanda ngazi za kichwa cha lori, wanakaa kwenye kiti, wanashika usukani na kutazama vioo vya pembeni. Dereva wa lori mwenye uzoefu wa miaka mingi, ambaye leo ndiye mwalimu, anawauliza waonyeshe magari waliyoyapita wakija kupanda. Wengi wanageuza shingo huku na huku, wasiyaone.

Hivyo ndivyo madereva wa programu ya Share the Road, ya chama cha wenye malori cha American Trucking Associations, wanavyofundisha wanapozunguka kutoka jimbo hadi jimbo. Wazo lenyewe ni la zamani kidogo. Mwaka 1994 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia barabara kuu ilianzisha kampeni ya No-Zone, na malori yaliyobandikwa alama ubavuni na nyuma yakatembezwa kwenye maonyesho ili watu wazione kwa macho sehemu ambazo gari dogo halitakiwi kukaa. Vipimo vinavyotumika mara nyingi ni hivi: kama mita 6 mbele ya lori, kama mita 9 nyuma yake, njia moja upande wa kushoto, na njia mbili nzima upande wa kulia. Upande wa kulia ndio mbaya zaidi kwa sababu dereva wa Marekani anakaa kushoto, na kioo cha mbali hakiwezi kumletea kila kinachopita chini ya dirisha la abiria.

Vipimo hivi vingeweza kuchapishwa kwenye karatasi na kugawiwa bure, na vimechapishwa mara nyingi. Kwa nini basi watu wasumbuke kusafirisha lori zima? Kwa sababu anachokosa dereva wa gari dogo si taarifa. Ukimwambia kwamba lori lina sehemu zisizoonekana, ataitikia kwa kichwa. Akiingia barabarani, macho yake yanamwambia jambo jingine kabisa: lori ni kubwa, liko juu, lina vioo vikubwa kama milango ya kabati, na dereva wake ameketi kama mlinzi juu ya mnara. Mtu aliye juu kiasi kile atakosaje kuniona? Mimi namwona, basi naye ananiona. Hesabu hii haifanywi kwa maneno, inafanyika yenyewe kichwani, na karatasi haiwezi kuifuta. Dakika tatu kwenye kiti kile zinaweza, kwa sababu macho yaleyale yaliyomdanganya ndiyo yanayomsahihisha. Gari aliloligusa kwa mkono wakati anapita, sasa halipo.

Kuna somo la pili ambalo lori lililoegeshwa haliwezi kulionyesha vizuri, nalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko la kwanza. Ni la breki. Sheria za Marekani zinaruhusu lori lenye tela kufikia uzito wa takriban tani 36 kwenye barabara kuu. Kwa mwendo wa kilomita 105 kwa saa, gari dogo linahitaji kama mita 96 hadi lisimame, na lori lililojaa linahitaji kama mita 160. Sehemu ya tofauti hiyo ni uzito. Sehemu nyingine ni breki za upepo: dereva akikanyaga pedali, hewa lazima isafiri kwenye mipira hadi kwenye magurudumu ya nyuma ya tela ndipo breki zianze kushika. Inachukua takriban nusu sekunde. Kwa kilomita 90 kwa saa, nusu sekunde ni mita 12 na nusu za barabara, kabla breki hazijaanza kufanya kazi.

Sasa fikiria ile nafasi ambayo dereva wa lori anaiacha mbele yake. Mwenye gari dogo anaiona kama zawadi. Anapita, anachomekea, kisha taa za barabarani zikiwa nyekundu anapiga breki. Amekula mita ambazo lori lilikuwa linazihitaji ili lisimame, na amejiweka ndani ya zile mita 6 ambazo dereva hazioni. Dereva wa lori akipunguza mwendo ili aiache tena nafasi ileile, anachomekea mwingine. Hakuna kibanda cha maonyesho kinachofundisha hili kikamilifu, ingawa wapo wanaojaribu kwa kutandaza kamba ardhini yenye urefu wa mita 160 na kumwambia mtu aitembee. Ni njia rahisi na nadhani ni nzuri, maana miguu inakumbuka umbali kuliko macho.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye vifo. Mwaka 2022 karibu watu 6,000 walikufa Marekani katika ajali zilizohusisha malori makubwa, na takriban saba kati ya kila kumi walikuwa ndani ya magari mengine, siyo ndani ya malori. Ndiyo maana mafunzo yanamlenga mwenye gari dogo: yeye ndiye anayekufa.

Hapo ndipo inapobidi tusimame kidogo. Anayekufa si lazima awe ndiye mwenye kosa, na maonyesho haya yana tabia ya kuviunganisha viwili hivyo bila kusema. Programu inapoendeshwa na chama cha wenye malori, ujumbe unaobaki ni kwamba usalama uko mikononi mwa mwenye gari dogo: jiepushe, kaa mbali, uonekane. Ujumbe huo ni wa kweli, lakini ni nusu. Kijana aliyeketi kwenye kiti cha dereva anafundishwa kwamba sehemu zisizoonekana ni hali ya maumbile, kama mvua. Haambiwi kwamba kuna mtu aliyechora dirisha lile, aliyepanga urefu wa kiti, aliyeamua kioo kiishie wapi. Wala haambiwi kwamba vizuizi vya ubavuni, vinavyozuia gari au mwendesha baiskeli asiteleze chini ya tela, vimekuwa sharti Ulaya tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ilhali sheria za shirikisho la Marekani bado hazivilazimishi.

London ilianza palepale kisha ikaenda mbele. Polisi wa jiji hilo walikuwa na zoezi liitwalo Exchanging Places, ambamo mwendesha baiskeli alipandishwa kwenye lori, kisha mwenzake akaja na baiskeli upande wa kushoto hadi kwenye kona ya mbele, na aliye juu akaambiwa aseme atakapomwona. Waliofanya zoezi hilo walishuka wakiwa watu wengine. Lakini Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji, ilikuwa na hesabu isiyofutika kwa mafunzo: katika miaka ya 2015 hadi 2017, malori makubwa yalihusika katika asilimia 63 ya ajali zilizoua waendesha baiskeli, ingawa yalifanya asilimia 4 tu ya mwendo wote wa magari jijini. Utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Leeds ulionyesha pia kwamba dereva anayemwona mtu moja kwa moja dirishani anachukua hatua sekunde 0.7 mapema kuliko anayemwona kwenye kioo. Kwa mwendo wa polepole wa kilomita 24 kwa saa, hizo ni mita 4.7.

Ikabidi lori lenyewe lipangiwe daraja. Kila lori la zaidi ya tani 12 linapewa nyota kuanzia sifuri hadi tano, kulingana na kile ambacho dereva anaweza kukiona kwa macho yake kupitia madirishani. Tangu Oktoba 2024, lisilofikisha nyota tatu haliruhusiwi kuingia London bila kufungwa vifaa vya ziada, vikiwemo kamera na vihisio vya kumtahadharisha dereva. Maonyesho yalimfundisha mwendesha baiskeli; sharti la nyota likamfundisha mtengenezaji.

Kwa nchi zetu, lipi lichukuliwe? Tanzania tayari ina Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, na kupeleka lori huko si gharama kubwa. Lakini vipimo vya Marekani visinakiliwe. Malori yao yana pua ndefu inayoficha barabara. Mengi ya kwetu yana uso bapa, na asiyeonekana ni yule aliye chini kabisa ya kioo cha mbele. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, hivyo dereva anakaa kulia na upande mbaya ni wa kushoto, palepale bodaboda anapojipenyeza foleni ikisimama. Kama ningepanga mimi, lori lisingekaa uwanja wa sherehe wanakofika watu ambao tayari wana hofu ya ajali. Lingekwenda kwenye vijiwe vya bodaboda na kwenye shule zilizo kandokando ya barabara kuu.

Ugumu unaongezeka Rusumo, kwenye mpaka wa Tanzania na Rwanda. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Lori lililotoka Dar es Salaam likivuka kwenda Kigali, usukani wake unabaki kulia lakini lenyewe linahamia upande wa pili wa barabara, na dereva akitaka kuovateki sasa yuko upande usioona gari linalokuja. Lori la Kongo lenye usukani wa kushoto likishuka bandarini Dar, hali ni hiyohiyo kwa upande wa pili. Bodaboda wa Kibaha anayefundishwa akae upande wa kulia wa lori ili aonekane anahitaji pia kufundishwa kitu cha kutazama kwanza: usukani uko upande gani.