Mkaidi na Siku ya Idi

Mtoto akivunja kikombe kwa mchezo, watu wa Pwani humwita mtundu, yakaisha. Akikatazwa kupanda mwembe akapanda, akashushwa akapanda tena huku anamkodolea mamaye macho, hapo jina hubadilika. Huyo ni mkaidi. Amesikia, ameelewa, amekataa. Majirani watasema "haambiliki", na neno hilo humchoma mama kuliko mwembe wenyewe, kwa kuwa zamani mtoto alikuwa wa mtaa mzima: aliyemkaidi bi mkubwa wa jirani alifika nyumbani akakuta habari zimemtangulia, akaadhibiwa mara ya pili.

Siku hizi neno limehamia ofisini. Magazeti huandika juu ya madereva waliokaidi amri ya polisi, au shahidi aliyekaidi wito wa mahakama. Sawa, sheria ni sheria. Ila kiongozi anapowaita wananchi wakaidi kwa kuwa tu wameuliza swali, mimi husikia sauti ya mzazi chini ya mwembe, na waliouliza pale si watoto.

Methali ya neno hili kila mtu anaijua: mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Kwa nini Idi? Kwa sababu asubuhi hiyo hapana hesabu ya makosa. Mtoto huogeshwa, akavishwa nguo mpya, akazunguka kwa mashangazi na wajomba akiamkia na kupewa mkono wa Idi, vijisenti vya kununulia peremende na ubuyu. Mkaidi naye yumo. Pilau haiulizi nani alipanda nini.

Wapo wanaosema "hata siku ya Idi", na wakiulizwa hueleza kwamba mkaidi hapati kitu, Idi nayo ikiwemo. Lakini Kiswahili cha kale kilitumia "hata" kwa maana ya "mpaka". Katika hadithi, msafiri alikwenda, akaenda, hata akafika. Yaelekea maana ya neno dogo ilipogeuka, msamaha ukageuka kuwa adhabu, na wengi hawakutambua.

Mimi nashika "mpaka". Sijapata kuona nyumba iliyomnyima mtoto kanzu ya Idi kwa sababu ya mwembe.