Msikilizaji wa Mtaani: Jinsi Ushauri Nasaha wa Bure Unavyofanya Kazi

Mtu aliyeelemewa moyoni mara nyingi haanzi kwa daktari. Huanza kwa jirani, kwa shangazi, kwa shehe au mchungaji, kwa msusi anayemsuka kila mwisho wa mwezi. Hapo ndipo maneno ya kwanza hutoka: "Siku hizi silali." "Kichwa kimejaa." "Nimechoka na maisha." Kinachofuata ndani ya dakika chache kinaweza kumwelekeza kwenye nafuu au kumfunga mdomo kwa miezi. Kwa bahati mbaya, jibu tulilolizoea ni hili: "Jikaze." "Mwachie Mungu." "Wenzako wana makubwa kuliko hayo." Wanaolitoa wana nia njema, lakini aliyeambiwa hivyo hujifunza jambo moja tu: asirudi tena kusema.

Makala haya yanahusu ushauri nasaha unaotolewa bure na watu wa kawaida waliofunzwa, huko huko mtaani na vijijini. Wako wanaoubeza kwa kudhani kwamba mambo ya nafsi ni ya madaktari peke yao. Wako pia wanaodhani hauhitaji mafunzo yoyote, kwamba kila mwenye mvi na huruma anaweza kuutoa. Pande zote mbili zinakosea, na ushahidi wa kuzijibu tunao hapa hapa Afrika.

Mabibi wa Mbare

Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe iliendesha operesheni ya bomoabomoa mijini iliyoitwa Murambatsvina. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Nchi ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 12, na madaktari wake wa magonjwa ya akili hawakufika hata ishirini. Mmoja wao, Dixon Chibanda, amesimulia hadharani jinsi alivyompoteza mgonjwa, mwanamke kijana aliyeishi mbali na Harare. Familia yake ilijua kwamba anahitaji kurudi hospitali, ila haikuwa na nauli ya basi. Alijiua.

Baada ya msiba huo Chibanda aliacha kungoja wagonjwa wamfuate hospitalini. Huko Mbare, mojawapo ya vitongoji vikongwe vya Harare, zahanati hazikuwa na chumba cha ziada na wauguzi walikuwa wamezidiwa na kazi. Waliokuwapo ni mabibi 14, wahudumu wa afya wa kujitolea ambao kila nyumba iliwajua. Alianza nao mwaka 2006. Walifundishwa, wakapewa mabenchi ya mbao yaliyowekwa nje, kwenye viwanja vya zahanati, na huduma ikaja kuitwa Benchi la Urafiki.

Watu walikuja na hali ambayo Washona huiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kwa daktari, humo mna sonona na wasiwasi uliopitiliza. Kwa bibi wa Mbare, mna deni, mume aliyetoweka, majibu ya VVU yaliyofichwa, mtoto aliyefukuzwa shule. Bibi hakuwa na haja ya kumbandika mtu jina la ugonjwa. Kazi yake ilikuwa kumsaidia apate pa kuanzia.

Kikao huendaje?

Anayefika zahanati huulizwa kwanza maswali 14 mepesi ya ndiyo au hapana: je, unawaza sana? Unashtuka usiku? Unajisikia kulia? Umewahi kufikiria kujiua? Wengi waliojibu "ndiyo" mara tisa au zaidi hupelekwa kwenye benchi. Kwa hiyo kazi haianzi kwa kubahatisha. Kuna kipimo, na kipimo hicho hicho hutumika baadaye kuona kama mtu amepata nafuu.

Kinachofanyika pale huitwa tiba ya kutatua matatizo, na ina hatua tatu: kumfungua mtu mawazo, kumwinua, kisha kumtia nguvu. Tuseme amekuja mama muuza mboga. Ana mkopo wa kausha damu, marejesho ni kila siku, mume hatumi pesa, na binti yake ameanza kuchelewa kurudi nyumbani. Hapati usingizi wala hali chakula. Mshauri hamkatizi. Humwacha aseme yote, humrudishia kwa maneno yake mwenyewe ili ahakikishe amemwelewa, kisha wanayaorodhesha matatizo moja baada ya jingine.

Halafu huja swali la msingi: "Katika haya yote, tuanze na lipi?" Anayechagua ni mama, na hapo ndipo tofauti kati ya ushauri nasaha na mawaidha ilipo. Akichagua deni, wanatafuta njia zote zinazowezekana: kuzungumza na mkopeshaji apunguze kiwango cha kila siku, kuomba msaada kwenye kikoba, kumshirikisha kaka yake. Anachagua moja. Wanapanga ataifanya lini, ataanza na nani, atasema nini. Wiki inayofuata anarudi na taarifa. Ikifaulu, wanaenda kwenye tatizo la pili. Ikishindikana, wanaangalia imekwama wapi na kujaribu nyingine. Vikao havizidi sita. Baada ya hapo anakaribishwa kwenye kikundi cha wenzake waliopita hapo hapo, ambako hukaa pamoja wakifuma mikoba ya kuuza huku wakizungumza.

Msomaji anaweza kuuliza: deni halijaisha, sasa amepona nini? Msongo wa mawazo ukizidi hufinya fikra. Matatizo manne huonekana kuwa moja kubwa lisilo na mlango, na mtu huacha hata kufanya yale anayoyaweza. Akilimudu moja, hata dogo, anapata ushahidi kwamba bado ana uwezo juu ya maisha yake. Usingizi huanza kurudi, na kwa usingizi hurudi akili ya kukabili linalofuata. Zaidi ya hapo, amekaa na mtu aliyemsikiliza bila kumhukumu. Upweke ni sehemu ya maradhi haya, na kuuondoa ni sehemu ya tiba.

Matokeo yamepimwa

Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika zahanati 24 za Harare kwa watu 573. Wengi wao walikuwa wanawake, na takriban wanne katika kila kumi waliishi na VVU. Nusu ya zahanati zilitoa huduma ya kawaida iliyoboreshwa, nusu zikatoa Benchi la Urafiki. Baada ya miezi sita, karibu nusu ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa bado na dalili za sonona. Kwa waliokaa kwenye benchi, walikuwa takriban 14 katika kila 100. Leo utaratibu huo umeshafika Malawi na Zanzibar.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake. Nchini Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, wakazi wa kawaida waliofundishwa kwa wiki mbili waliongoza vikundi vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wanawake kwa vikundi vyao na wanaume kwa vyao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliobaki na sonona katika vijiji vyenye vikundi walikuwa kati ya sita na saba katika kila 100. Katika vijiji visivyo na vikundi walizidi nusu. Nchini Kenya, wahudumu wa afya ya jamii jijini Nairobi walifundishwa mbinu ya Shirika la Afya Duniani yenye vikao vitano, wakawahudumia wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanawake hao walipungukiwa na msongo zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Nguzo zisizopaswa kuachwa

Nimeona watu wakisoma matokeo kama haya na kukimbilia kununua mabenchi. Benchi ni ubao tu. Huduma inasimama kwa nguzo nne.

Ya kwanza ni mafunzo. Mtu mzima mwenye busara amezoea kuelekeza, na kazi kubwa ya mafunzo ni kumzoesha kunyamaza, kuuliza na kumwachia mwenye shida achague. Huruma isiyofundishwa hugeuka amri haraka sana: "Mwache huyo mwanaume," "Rudi kwa mumeo." Amri ikileta madhara, aliyeitoa hayupo kuyabeba.

Ya pili ni usimamizi. Anayesikiliza habari za ubakaji, vifo na njaa siku nzima naye huumia. Anahitaji muuguzi au mwanasaikolojia wa kukutana naye mara kwa mara, amweleze kesi ngumu na amtue mzigo. Bila hivyo, washauri wazuri huchoka na kuondoka, na wengine hubaki wakiwa wameshakuwa wagumu wa moyo.

Ya tatu ni siri. Mtaani habari husafiri upesi, na ikivuja moja huduma nzima imekwisha. Hata hivyo siri ina mipaka, nayo ielezwe mwanzoni kabisa: pale uhai ulipo hatarini, au mtoto anapodhuriwa, mshauri lazima ahusishe wengine.

Ya nne ni njia ya rufaa. Anayesikia sauti zisizosikika kwa wengine, aliyeacha kula kabisa, mwenye kifafa, au anayepanga kujiua si wa kuachiwa mshauri wa kujitolea peke yake. Apelekwe kituo cha afya, na zahanati ijue mapema nani wa kupigiwa simu. Ushauri wa mtaani haukuja kuziba nafasi ya hospitali kama Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi. Umekuja kuwafikia wengi ambao wasingefika huko kamwe, na kuwatambua mapema wachache wanaopaswa kufika.

Nguzo zote hizi zinahitaji fedha. Huduma inapokuwa bure kwa mwenye shida, lazima awepo anayeilipia: posho ya mshauri, nauli, muda wa msimamizi. Halmashauri inayotegemea moyo wa kujitolea wa akina mama mwaka baada ya mwaka inawanyonya, na huduma hiyo haitadumu.

Anapotaja kifo

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wetu tunaogopa hata kuuliza, tukidhani tutamwekea mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wamelichunguza jambo hili na jibu ni wazi: kuuliza hakumsukumi mtu kujiua. Kwa wengi huwa mara ya kwanza kupumua.

Uliza kwa upole na bila kuzunguka: "Umefika mahali pa kufikiria kujiua?" Akikubali, usimgombeze, usimtishie dhambi, usimwahidi kwamba utalificha. Kaa naye. Ondoa karibu yake vitu anavyoweza kujidhuru navyo, zikiwemo dawa na sumu za shambani. Msindikize mwenyewe hadi kituo cha afya au hospitali, na kesho yake umjulie hali. Akiwa ni mtoto, namba 116 hupigwa bure Tanzania na Kenya. Kwa ukatili wa kijinsia nchini Kenya kuna 1195.

Sheria nazo zina sehemu yake. Kwa miaka mingi, Tanzania na Kenya zililihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Anayehitaji tiba akaogopa polisi, na familia zikaficha. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha sheria kinacholifanya jaribio hilo kuwa kosa kinakiuka Katiba. Huo ni uamuzi wa haki, na nchi jirani zinapaswa kuufuata. Mgonjwa hatibiwi kwa pingu.

Tuanzie wapi?

Tanzania ina wahudumu wa afya ngazi ya jamii na maafisa ustawi wa jamii. Kenya ina wahudumu wake wa jamii. Pote kuna vikoba, misikiti, makanisa na viwanja vya zahanati vyenye kivuli. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuwafundisha watu hao, kuwasimamia na kuwalipa. Ewe diwani, mganga mkuu wa wilaya, kiongozi wa dini: bajeti ijayo itakapojadiliwa, uliza fungu la ushauri nasaha wa jamii liko wapi, na lisipokuwepo usikubali kupita kimya.

Nawe msomaji, huna haja ya kungoja bajeti ili kuacha kusema "jikaze." Leo mtu akikwambia halali usiku, weka simu chini, mwache amalize, kisha muulize ni lipi linalomsumbua kuliko yote. Likizidi uwezo wako, mpeleke kwa aliyesomea. Usimwache aende peke yake.