Alama A ya DS inatuambia nini?

Wiki ya mwisho kabla ya UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, steshenari zinazozunguka vyuo vyetu hazilali. Mashine za fotokopi zinatema madesa ya DS (Development Studies, somo la taaluma za maendeleo): nadharia za maendeleo zilizofupishwa na mwanafunzi wa mwaka juzi, zikarudufiwa mpaka maandishi yamefifia, na nyuma yake zimebanwa pasipepa za miaka iliyopita. Anayebukua siku chache anafaulu. Anayebukua kwa bidii anapata A.

Sina ugomvi na mwanafunzi huyo. Anajibu alichoulizwa. Swali la "eleza sifa tano za nadharia ya utegemezi" lina jibu lililokwisha kuandikwa mahali fulani, naye amelitafuta lilipo akalipata. Ugomvi wangu ni na sisi tunaosahihisha. Tukishajumlisha alama 40 za mazoezi na 60 za mtihani, tunatangaza kwamba somo limeeleweka, na hali tulichopima ni kumbukumbu ya siku tatu.

Kozi za fani zina namna ya kutusuta. Mwanafunzi wa uhandisi aliyepita hesabu kwa kukariri ataumbuka mwaka wa pili, pale kozi nyingine itakapozihitaji. DS, Stadi za Mawasiliano na kozi nyingine za jumla hazina kozi ya mbele inayozidai. Ukishazipita, zimekwisha. Ndiyo maana wanafunzi wengi, na walimu pia, huziona kama za kujazia krediti tu.

Hazikuanzishwa kwa ajili hiyo. Chukua DS. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza kwa mamia. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata chuo kikawa na mkutano wa kujadili nafasi yake katika nchi ya kijamaa. Katika mijadala ya kipindi kile ndipo lilipokua wazo la somo la pamoja kwa wanafunzi wa fani zote, na mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Mwanasheria, daktari na mhandisi walitakiwa watoke chuoni wakiielewa jamii iliyowasomesha. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaenda mbali zaidi: likakemea kuitegemea mno mitihani ya maandishi, likataka maendeleo ya mwanafunzi darasani na katika kazi nayo yahesabiwe. Sisi tumebaki na umbo la wazo hilo: jaribio moja la katikati ya muhula, na kazi ya kundi ambayo wawili wanaiandika na wengine wanaongeza namba za usajili kwenye jalada.

Marekani, ambako kozi za jumla huchukua sehemu kubwa ya miaka ya mwanzo ya shahada, swali la kuzipima limesumbua vyuo kwa muda mrefu. Mwaka 2011 wanasosholojia Richard Arum na Josipa Roksa walitoa kitabu, Academically Adrift, kilichofuatilia wanafunzi zaidi ya 2,300 katika vyuo 24. Kipimo walichotumia hakikuuliza sifa tano za kitu chochote. Mwanafunzi hupewa nyaraka na kuombwa ushauri. Kwa mfano: kampuni inafikiria kununua ndege ndogo, mara ndege ya aina ile imeanguka, soma habari ya gazeti, barua za ofisini na takwimu za ajali, kisha mwandikie mkuu wako anunue au aache. Baada ya miaka miwili chuoni, asilimia 45 ya wanafunzi hawakuonyesha maendeleo ya maana kitakwimu. Wapo wataalamu waliozipinga hesabu zao, na ni haki kuuliza kama mwanafunzi atajituma katika mtihani usiomwongezea alama. Hata hivyo swali la namna ile haliwezi kujibiwa kwa desa.

Chuo cha wanawake cha Alverno, mjini Milwaukee, kilianza mapema zaidi. Tangu 1973 kimewataka wanafunzi waonyeshe uwezo wa aina nane, ukiwamo kuchambua, kuwasiliana na kutatua matatizo, bila kugawa A wala B. Mwanafunzi mgeni hurekodiwa kwa video akihutubia, na baadaye anajilinganisha na alivyokuwa. Kuna mwanzo na kuna mwisho. UE yetu inajua mwisho peke yake. Kijana aliyeiva katika General Studies kidato cha sita anaweza kupata A ya DS bila kujifunza jambo jipya, na aliyetoka mbali akaishia C huenda ndiye aliyejifunza kuliko wote.

Swali letu si lazima liwe la ndege. Mpe mwanafunzi muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, barua ya mwekezaji anayetaka shamba la miwa, takwimu za mavuno na vifungu vichache vya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kisha mwambie amshauri mwenyekiti. Hapo nadharia ya utegemezi inakuwa na kazi ya kufanya. Insha ya kuandikia bwenini, katika zama hizi za programu zinazoandika kila kitu, haitoshi tena. Kazi hii ifanyike darasani.

Lugha nayo inahitaji ukweli. Tunafundisha kwa Kiingereza vijana wanaobishana kwa Kiswahili, na bishano lao kule kantini mara nyingi lina hoja kali kuliko karatasi wanayotukabidhi. Kama tunataka kujua uwezo wa kufikiri, baadhi yao waitwe wajieleze kwa Kiswahili kwa dakika kumi. Kiingereza chao kipimwe katika Stadi za Mawasiliano, ambako ndiko mahali pake.

Wenzangu wataniuliza darasa la mamia litasomwa na nani. Hii si kazi ya kumpa kila mmoja alama, ni ya kuikagua kozi, kwa hiyo sampuli inatosha. Wiki ya kwanza ya muhula litolewe swali la kijiji kimoja, wiki ya mwisho la kijiji kingine. Zichaguliwe karatasi 50 za kila mara kwa bahati nasibu, majina yaondolewe, zichanganywe. Wahadhiri wanne wakubaliane kwanza juu ya vigezo: ametumia ushahidi? Ameona upande wa pili? Ushauri wake unatekelezeka? Kisha wazisome kwa siku mbili na kukisia ipi ni ya mwanzo, ipi ni ya mwisho. Wakishindwa kuzitofautisha, kozi ifumuliwe, hata kama hakuna mwanafunzi aliyepata sapu, yaani aliyetakiwa kurudia mtihani.