Jino Moja la Mbele, Matatu ya Nyuma

Je, wajua kwamba pikipiki mbili za aina moja, zenye injini ileile, zinaweza kuachana kabisa barabarani kwa sababu ya jino moja la chuma? Makurunge, wilayani Bagamoyo, ni mahali pazuri pa kuliona hilo. Bodaboda anayepeleka abiria Bagamoyo mjini kwa lami anataka mwendo. Mwenzake anayetoa magunia ya mkaa kwenye njia za mchanga, au anayekwama kwenye tope zito la bonde la Ruvu wakati wa masika, anataka nguvu. Sproketi, gurudumu la meno linaloshika cheni, haitoi vyote viwili kwa pamoja.

Tuseme sproketi ya mbele, inayokaa kwenye giaboksi, ina meno 14 na ya nyuma 42. Ya mbele huzunguka mara 3 ndipo gurudumu lizunguke mara 1. Mwendo unaopungua hapo hugeuka kuwa nguvu ya kuvuta. Ukifunga ya 15 mbele, uwiano unashuka hadi 2.8: kwa mzunguko uleule wa injini, pikipiki inakimbia zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvuto unapungua kwa karibu kiasi hichohicho. Ukibaki na 14 ukaweka 45 nyuma, uwiano unapanda hadi 3.2. Kwenye seti hii, basi, jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma.

Lakini injini haikuongezewa nguvu hata chembe. Anayefunga sproketi kubwa mbele ili akimbie, kisha akapakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, atakuta gia ya mwisho haivuti. Upepo na uzito vinamrudisha gia ya chini, na kila akiondoka anaichosha klachi.

Wanaotaka mvuto nao hukimbilia kufunga ya 13 mbele, kwa kuwa ni bei nafuu. Mimi siipendi njia hiyo. Sproketi ndogo huikunja cheni kwa pembe kali zaidi, na pini hulika mapema. Kwa mzigo wa kila siku ni heri kuongeza meno ya nyuma, hata ikibidi kuongeza na pingili za cheni.

Cheni ya roli, aliyoipatia hataza Hans Renold kule Manchester mwaka 1880, hufa kwa kurefuka. Kwenye cheni namba 428, iliyo kwenye bodaboda nyingi, pini hadi pini ni milimita 12.7. Mchanga ukichanganyika na oili husaga pini, nafasi hiyo inakua, roli zinapanda juu ya meno na kuyala mpaka yapinde kama ndoana. Ukifunga cheni mpya kwenye meno ya namna hiyo, umeiua siku ya kwanza. Nunua seti nzima. Kabla ya kwenda dukani, sugua sproketi za zamani kwa mafuta ya taa na uhesabu meno yote, mbele na nyuma.